Viazi Vilivyonyauka Vikiwa Kijani: Kisa cha Nusu Ekari Kutoka Nyanda za Juu za Nakuru

Mama huyu alipofika kwenye meza yetu ya kliniki ya mimea siku ya soko, alitoa vitu viwili kwenye kiondo: shina la kiazi lililofungwa kwa gazeti, na pakiti tupu ya dawa ya ukungu. Akaviweka mbele yangu, akasema, "Daktari, nimepiga hii mara tatu. Kila nikipiga, vinanyauka zaidi."

Naandika kisa chake kwa ruhusa yake. Jina, kijiji na mwaka nimeviondoa. Nimekiandika kwa urefu kwa sababu mnyauko wa bakteria huwa tunaufundisha kama orodha ya makatazo: usikate mbegu, usirudie viazi, usiingie na jembe la jirani. Mkulima huitikia, kisha hurudi kwenye alichozoea, maana hajaona makatazo hayo yanahusiana vipi na kiazi chake. Mama huyu alibadilisha kilimo chake siku alipoelewa bakteria wanafanya nini ndani ya shina, na kwa vifaa gani. Na pale ambapo tulishindwa, tulishindwa kwa kusahau jambo lilelile.

Shamba na mbegu

Tuko upande wa Mau, Kaunti ya Nakuru, mahali ambapo mwezi wa Julai utakaa na koti hadi saa nne asubuhi. Mama ana miaka hamsini na kitu, ni mjane, na shamba lake lote ni ekari mbili na robo kwenye mteremko. Juu kuna nyumba na boma la ng'ombe wawili. Katikati kuna mahindi. Chini, karibu na mtaro unaopitisha maji ya mvua kutoka mashamba ya juu, ndiko alikopanda viazi nusu ekari.

Msimu uliotangulia alivuna magunia 38 ya kilo 50 kwenye nusu ekari hiyohiyo, na hakuona shina lolote limenyauka. Akauza yote, pamoja na vile vidogo ambavyo kwa kawaida huweka mbegu, kwa sababu karo ya shule haikungoja. Machi ikamkuta hana mbegu. Mbegu iliyoidhinishwa anaijua. Inazalishwa Molo, kwenye shamba la ADC, shirika la serikali la kuendeleza kilimo, na amewahi kuinunua. Lakini nusu ekari inakula magunia manane, na pesa aliyokuwa nayo ingetosha matatu. Mzee mmoja wa kijiji cha pili, mwenye sifa ya viazi vizuri, akamuuzia manane kwa bei ya viazi vya kula. Aina ya Shangi, vimechipua sawasawa, macho safi.

Hilo la macho safi nilimuuliza mara mbili, kwa sababu kiazi kilichougua sana hutoa ute mweupe machoni na udongo hukwama hapo. "Nilichagua kimoja kimoja, daktari. Hakukuwa na hata kimoja kichafu." Namwamini. Vile vikubwa alivikata vipande viwili viwili kwa kisu kimoja cha jikoni, ili mbegu ienee.

Wiki kwa wiki

Alipanda wiki ya mwisho ya Machi, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, yaani mashina kama 9,000. Mvua ilikuja vizuri. Wiki ya tano vibarua wawili walipalilia na kuinua matuta.

Wiki ya saba, saa sita mchana jua likiwaka, aliona shina moja limelala. Majani yalikuwa kijani kabisa. Jioni likasimama. Kesho yake saa sita likalala tena, jioni likasimama nusu. Siku ya tatu halikuamka.

"Nilidhani ni kiu," aliniambia, "lakini nilichimba kwa kidole nikakuta udongo una maji."

Shemeji yake akasema ni blaiti, ule ugonjwa wa majani unaopigiwa dawa ya ukungu. Huku kwetu kila kiazi kinachougua huitwa hivyo, na dukani mwenye agroveti alimuuzia dawa kwa jina hilo bila kuuliza lolote. Hapo ndipo wiki tatu zilipopotea. Blaiti hasa huanza na mabaka meusi yenye maji kwenye majani, na asubuhi yenye umande ukigeuza jani utaona unga mweupe chini yake. Mnyauko hauna baka. Jani hulegea likiwa na rangi yake, kama sukuma wiki iliyoachwa juani sokoni. Tofauti hiyo mtu anaweza kuiona akiwa amesimama njiani, na ningefurahi kama kila mwenye agroveti angeijua kabla ya kushusha pakiti kutoka rafuni.

Akapiga dawa mara tatu, wiki baada ya wiki, kila mara akiingilia chini karibu na mtaro na kupanda juu kati ya mistari, viatu vikiwa na matope.

Glasi ya maji

Pale sokoni tulifanya jaribio ambalo halihitaji maabara. Nilikata shina alilokuja nalo karibu na chini, kipande cha urefu wa kidole gumba. Nikajaza glasi maji safi, nikakishikilia kipande kwa kibanio cha karatasi ili sehemu iliyokatwa iguse maji tu, tukaiweka glasi mahali ambapo hakuna anayegonga meza. Mama akainama hadi macho yake yakawa usawa wa glasi.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Kabla ya dakika ya tatu kuisha, uzi mweupe, mwembamba kuliko wa cherehani, ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. Ukafuata wa pili. Zilishuka wima bila kutawanyika, kama maziwa yanayodondokea maji yaliyotulia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni bakteria, mama. Wenyewe, pamoja na ute wao."

Alinyamaza kwa muda. Shina lililokwisha kunyauka hubeba bakteria zaidi ya milioni 100 kwa kila gramu, ndiyo maana macho matupu yanawaona wakitoka. Tulituma sampuli maabara ili kuthibitisha, na jibu lilipokuja lilikuwa lilelile. Lakini maamuzi yetu tuliyafanya kwa glasi, kwa sababu kila siku ya kungoja ilikuwa na gharama shambani.

Kesho yake nilikwenda nikatembea mstari kwa mstari. Nilihesabu mashina 63 yaliyonyauka. Kilichonifundisha zaidi ni jinsi yalivyokaa. Mengi yalikuwa yametawanyika shamba zima, hata sehemu ya juu kabisa isiyofikiwa na maji ya mtaro, na mara nyingi mawili au matatu yakifuatana kwenye mashimo ya jirani. Ungekuwa ugonjwa uliokuwa tayari kwenye udongo, ningetarajia kuona viraka, hasa kule chini. Kutawanyika kwa namna ile ni alama ya mbegu, na kufuatana kwa mawili matatu ni alama ya kisu: vipande vilivyokatwa pamoja hupandwa pamoja. Kulikuwa pia na mstari mmoja wenye mashina 14 mfululizo. Kibarua alikuwa ameanzia kupalilia kwenye shina bovu, akaendelea na jembe lilelile hadi mwisho.

Ndani ya shina

Bakteria huyu anaitwa Ralstonia solanacearum. Erwin Smith alimweleza kwa mara ya kwanza kule Marekani mwaka 1896. Huwaandama jamaa wengi wa kiazi: nyanya, biringanya, pilipili hoho, tumbaku, na hata mnavu wa mwituni. Kwenye baridi ya huku tunasumbuliwa na ukoo wake uliozoea nyanda za juu.

Tukiwa tumekaa kwenye tuta, mama aliniuliza, "Kama hana mdomo wala meno, anauvunjaje mmea?"

Swali hilo ndilo kiini cha yote. Bakteria huyu ni seli moja iliyofungwa kwa tando mbili, moja ndani ya nyingine. Silaha zake zote hutengenezwa ndani, lakini kazi ya silaha iko nje. Protini ni kubwa, haiwezi kupenya utando yenyewe kama harufu inavyopita kwenye pazia. Kwa hiyo bakteria wamejijengea milango maalumu, mashine za protini zilizopigiliwa kwenye tando hizo, ambazo wanasayansi huziita mifumo ya utoaji na kuzipa nambari. Sasa nambari zimepita 9. Ralstonia anayo kadhaa. Tatu zinaeleza karibu kila kitu kilichotokea kwenye ile nusu ekari.

Wa kwanza ni mfumo wa aina ya 2. Protini huvuka utando wa ndani kwa njia nyingine, hujikunja umbo lake, kisha mfumo huu huisukuma nje kupitia utando wa nje, kwa kitu kinachofanya kazi kama mchi wa pampu ya baiskeli. Ralstonia hutoa kwa mlango huu vimeng'enya vya kulainisha ukuta wa seli za mmea, vingine vya kukata pektini, vingine vya kukata selulosi. Bakteria huingia kupitia vidonda vya mizizi: pale mzizi mchanga unapopasua kutoka, pale jembe lilipogusa, pale minyoo wadogo wa mizizi walipotoboa. Vimeng'enya humfungulia njia hadi kwenye mishipa inayopandisha maji. Kwenye majaribio, bakteria aliyeharibiwa mfumo huu hudhoofika sana, hata kuliko yule aliyenyimwa vimeng'enya sita vinavyojulikana kupita hapo. Ina maana mlango huo unapitisha vingi zaidi ya hivyo sita. Ni mlango wa kawaida duniani: sumu ya kipindupindu, ambayo watu wa ufuo wa Ziwa Victoria wanaijua kwa uchungu, nayo hutoka kwenye bakteria wake kwa mfumo wa aina ya 2.

Wa pili, mfumo wa aina ya 3, ndio uliomfanya mama asonye. Huu ni sindano. Una kitako kilichovuka tando zote mbili, undugu wake ukiwa na mkia ambao bakteria hutumia kuogelea, na kutoka hapo hutokeza mrija mwembamba unaofika kwenye seli ya mmea. Kupitia mrija huo, bakteria huingiza protini zake moja kwa moja ndani ya seli iliyo hai. Aina moja ya Ralstonia inaweza kubeba protini za namna hiyo kama 70. Wafugaji wanaelewa haraka: dawa ya kumwaga mgongoni mwa ng'ombe ni kitu kimoja, dawa ya sindano ni kitu kingine.

Protini hizo zinafanya nini? Mmea una kinga. Seli yake hutambua vipande vya bakteria, hupiga mbiu kwa kemikali, huimarisha ukuta, na ikizidiwa hujiua ili adui akwame hapohapo. Protini za sindano huzima mbiu hiyo. Moja hukata mawasiliano, nyingine huharibu protini za ulinzi, nyingine hujifanya sehemu ya mitambo ya seli yenyewe. Bakteria asiye na mfumo wa aina ya 3 hawezi kuuguza mmea, ingawa baadhi yao bado huweza kuingia mizizini. Kuna mimea inayoitambua protini fulani ya sindano na kuifanya kengele ya hatari badala ya kuzimwa nayo. Huko ndiko watafiti wa mbegu wanakotafuta kinga. Shangi haina bahati hiyo.

Baada ya kuinyamazisha kinga, wanazaliana. Wakiwa wachache hawapotezi nguvu kutengeneza ute. Huachia kemikali inayowajulisha wamefika wangapi, na idadi ikitosha huwasha kazi ya ute kwa pamoja. Ute huo ni sukari nzito, una njia yake nyingine ya kutokea, na ndio unaoziba mishipa. Shina hulala mchana kwa sababu jua linadai maji na mishipa haipitishi. Jioni madai hupungua, shina husimama. Ndiyo ile "kiu" aliyoiona kwenye udongo wenye maji.

Hapa pia ndipo macho safi ya mbegu yanapoeleweka. Kwenye baridi bakteria huzaliana polepole. Kiazi kinaweza kuwa nao ndani, kinga yake imezimwa, ute haujawashwa, na nje king'ae kama kilichooshwa. Mwaka 2003 vipandikizi vya maua ya jerania vilivyosafirishwa kutoka Kenya viliufikisha ukoo huuhuu Marekani, vikiwa vimepita mikononi mwa watu wenye ujuzi mkubwa kuliko wangu na wa mama. Yule mzee hakumdanganya. Hakuona, kwa sababu hakukuwa na cha kuonekana.

Wa tatu ni mfumo wa aina ya 6, ulioelezwa mwaka 2006 kutoka kwa bakteria wa kipindupindu. Huu ni mkuki wenye springi. Umbo lake linafanana na mkia wa virusi vinavyoshambulia bakteria, ila hapa umegeuzwa uelekee nje. Ala inajikunja kwa ghafla, mkuki unachomoka, unamtoboa bakteria wa jirani na kumwachia sumu; ndugu wa mpigaji hawadhuriki kwa sababu wana protini ya kuizima sumu hiyo. Ralstonia anao mfumo huu. Gramu moja ya udongo wa shamba imejaa bakteria wa kila namna wanaogombea maji matamu yanayovuja mizizini, na wa kufika kwanza ni yule anayejua kujitafutia nafasi. Lakini mkuki hauna mwenyewe mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha Pseudomonas putida, bakteria wa udongo asiye na ubaya kwa mmea, akitumia mfumo wa aina ya 6 kuwaua bakteria waletao magonjwa ya mimea, Xanthomonas campestris akiwa mmoja wao.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuacha dawa siku hiyohiyo. Dawa ya ukungu hulenga viumbe wa aina nyingine kabisa. Adui wetu alikuwa ndani ya mshipa. Tena kila mzunguko wa kupiga ulikuwa unasafirisha matope.

La pili lilikuwa kung'oa. Hapa tulibishana. Nilitaka aondoe mashina 63 na jirani wa kila upande kwenye mstari, pamoja na viazi vyake na udongo ulioshika mizizi. "Hivi bado vizima," alisema, ameshika moja la jirani kwa mkono mzima. Sikuwa na hoja bora kuliko glasi. Tulilikata shina hilo zima, tukalitumbukiza, na kwa dakika tano halikutoa kitu. Tukajaribu la pili: uzi ulishuka. Baada ya hapo aling'oa bila kuambiwa. Tuliyabeba kwenye magunia, tukachimba shimo, tukamwaga chokaa na kufukia.

La tatu, mwendo wa kazi. Kuanzia siku ile aliingilia juu, kwenye mistari safi, na kumalizia chini. Jembe na panga zilisuguliwa matope kisha kuchovywa kwenye maji ya jiki kila mstari ulipoisha. Matope hutolewa kwanza kwa sababu jiki hupoteza nguvu kwenye udongo.

La nne lilikuwa gumu kwa mfuko: hakuna kiazi hata kimoja cha kwenda kuwa mbegu, chake au cha mtu. Vile vizima vingeuzwa na kuliwa, maana bakteria huyu hamdhuru mtu. Maganda na viazi vilivyooza visitupwe mtaroni wala kwenye lundo la mbolea, na ng'ombe wapewe vilivyochemshwa tu.

La tano, nusu ekari ile isione kiazi wala jamaa wa kiazi kwa misimu mingi, angalau miaka mitatu. Mahindi na maharagwe, kisha kabeji au minji.

Aliniuliza pia kama anaweza kununua wale bakteria wazuri wenye mikuki. Nilimwambia ukweli: kwenye chupa au chungu cha maabara wanapendeza, lakini kwenye nusu ekari iliyokwisha kuvamiwa nisingemshauri atoe shilingi yake. Samadi iliyoiva vizuri aiweke, kwa sababu udongo wenye uhai mwingi humfanya mgeni agombane zaidi, ila asiihesabu kuwa tiba. Tiba ya mmea uliokwisha kuingiliwa haipo.

Yaliyofuata

Hadi kuvuna, mashina mengine mengi yalilala, karibu yote kwenye theluthi ya chini, na kwa hesabu yangu ya haraka yalipita 1,000. Sehemu ya juu ilibaki karibu salama. Alivuna magunia 17, ikilinganishwa na 38 za msimu uliotangulia.

Msimu wa mvua fupi alipanda mahindi na maharagwe pale chini. Viazi vya maotea, vile vilivyosalia ardhini baada ya kuvuna, vilichipua katikati ya mahindi. Aling'oa vingi, lakini si vyote. Viwili vitatu alivihurumia, akavipika.

Msimu wa tatu ndio ulioniuma. Shemeji yake alipanda nyanya kwenye kipande kidogo ng'ambo ya mtaro, akawa anamwagilia kwa ndoo kutoka mtaroni. Zilianza kunyauka kabla ya kufunga matunda. Glasi ikasema lilelile.

Kipande cha juu, karibu na nyumba, ambacho hakijawahi kupandwa viazi kwa miaka mingi, tulikitenga kuwa kitalu cha mbegu. Alinunua gunia moja la mbegu iliyoidhinishwa, akapanda nzima nzima bila kukata, akaweka kijiti kwenye kila shina lililostawi zaidi, akavuna mbegu kutoka kwa yenye vijiti pekee. Misimu miwili sasa hakuna shina lililolala pale.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Glasi ilifaa kuliko kitu kingine chochote tulichofanya. Ilihamisha mjadala kutoka kwenye neno la ofisa kwenda kwenye jicho la mkulima. Nikirudia kisa hiki leo, ningeweka glasi kwenye kila agroveti ya soko lile.

Kung'oa majirani wa shina bovu kulifaa juu, hakukufaa chini. Sababu naiona kwenye ule mfumo wa sindano: hadi shina lilale, bakteria wamekwisha kuishi ndani yake kwa wiki nyingi wakiwa kimya, na mizizi yake imekuwa ikiwamwaga kwenye udongo. Juu, maji hayakuwapeleka mbali. Chini, kila mvua ilikuwa inawagawa. Tulichokiona kwa macho kilikuwa nyuma ya ugonjwa wenyewe, na tulipaswa kuiacha theluthi ya chini mapema, kuifungia na kutoikanyaga, badala ya kuifukuzia shina kwa shina.

Kosa la mtaro ni langu. Nilitembea shamba zima nikihesabu mashina, nikauruka mtaro kwa mguu mara mbili, na sikuuliza maji yale yanakwenda kwa nani. Ralstonia huishi majini na kwenye magugu ya kando ya maji, na mnavu ulikuwa umejaa pale kwenye kingo, mzuri, wa kijani, mama akiuchuma kwa mboga. Nilipaswa kwenda kwa shemeji siku ileile ya hesabu. Msimu wa nyanya zake ndio uliolipia safari ambayo sikuifanya.

Kuhusu kisu, ushauri wa kupanda mbegu nzima unaeleweka, lakini mkulima aliye na pesa ya magunia matatu atakata. Heri kumwonyesha jinsi ya kutumia visu viwili, kimoja kikiwa kwenye maji ya jiki wakati kingine kinafanya kazi, kuliko kumkataza na kuondoka. Na heri zaidi ni gunia moja la mbegu safi kwenye kitalu kidogo, kwa sababu hilo ndilo lililolingana na mfuko wake tangu mwanzo. Sikulifikiria Machi ile kwa vile hakuna aliyeniuliza. Nililifikiria baada ya hasara.

Maotea bado ni vita. Mama amewapa wajukuu kazi: kila Jumamosi wakati wa mahindi wanapita mistarini na kopo, na kila kiotea kilichong'olewa pamoja na kiazi chake kina bei yake ndogo. Lundo la Jumamosi moja lilijaza kopo la kilo mbili.

Mwezi uliopita alinipigia simu asubuhi. Kabla ya glasi, wakati ule wa kupalilia, alikuwa amempa wifi yake madebe matatu ya mbegu iliyobaki kutoka yale magunia manane, na alikuwa amelisahau jambo hilo kabisa. Wifi yuko upande wa Kuresoi, na amepanda viazi vya kizazi cha mbegu hiyo kwa misimu yote hii. "Bado hajaona kitu," alisema. Nilimuuliza kama wana glasi nyumbani. Akacheka, akasema amekwisha kuifunga kwenye leso, matatu ya saa tatu ndiyo anayoingoja.